Chagua jibu refu: mafunzo ya walimu mtandaoni yalivyotua Lundo

Mdogo wangu wa kidato cha pili ana cheti cha mafunzo ya ualimu. Si utani. Jina lililoandikwa pale ni la mama yake, lakini maswali aliyajibu yeye, jioni moja, amekaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba mahali simu inaposhika vizuri, huku mama yake akikoka moto wa kukaangia usipa. Alipata asilimia 90. Nikamuuliza amewezaje, maana hajawahi kufundisha hata darasa la awali. Akanijibu bila wasiwasi wowote: "Kaka, unachagua jibu refu."

Nikaichukua simu nikajaribu mwenyewe. Kumbe kweli! Swali linauliza ujifunzaji shirikishi ni nini. Jibu A ni maneno matatu, B maneno manne, D maneno matatu. C ni mistari miwili na nusu, imejaa "mwanafunzi", "kumjengea umahiri" na "kwa kuzingatia mazingira". Huhitaji kuwa mwalimu. Huhitaji hata kusoma swali.

Hapa ni Lundo, wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma. Kama hupajui, unashuka kutoka Mbinga kwa ile lami ya kilomita 66 hadi Mbamba Bay, milima ya Wamatengo na kahawa zao ukiiacha nyuma, halafu unachukua bodaboda kwa barabara ya ziwani. Ziwa liko mkono wako muda mwingi, na harufu ya usipa ulioanikwa inakukaribisha kabla ya watu. Mama mdogo wangu anafundisha huko, shule ya msingi, miaka mingi sasa. Nilikwenda kupumzika baada ya kumaliza shahada ya uzamili. Nimerudi na makala hii, na doa kwenye tasnifu yangu.

Nianze na hilo doa, ili usidhani nakuja hapa kuwanyoshea wengine vidole. Tasnifu yangu ilihusu mafunzo ya walimu kwa njia ya mtandao katika wilaya nyingine, mbali na Nyasa. Ndani yake kuna jedwali moja nililolipenda sana. Safu ya mwisho inasema "waliomaliza kozi", na tarakimu zake ni nzuri, zinapanda kila mwezi. Chini ya jedwali niliandika kwamba mafunzo "yamefanikiwa". Nilitetea mbele ya jopo, watu wakatikisa vichwa kukubali, nikapewa shahada. Hakuna aliyeniuliza: umejuaje kwamba waliomaliza ndio walioanza? Na hata mimi sikujiuliza, mpaka nilipomkuta mtoto wa miaka kumi na tano juu ya jiwe.

Sasa kwa nini jambo hili lina uzito hivi sasa? Kwa sababu walimu wa Tanzania wako katikati ya mtikisiko, na mtikisiko huu ni wa pili ndani ya miaka michache. Wa kwanza unaukumbuka. Machi 17, 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya corona, vyuo vikafuata siku moja baadaye. Vyuo na kidato cha sita walirudi Juni 1, wengine Juni 29. Miezi mitatu hivi. Katika kipindi kile kila ofisi iligundua ghafla kwamba kuna kitu kinaitwa mafunzo ya mbali, na hata wale waliokuwa wakikataa kutuma barua pepe walianza kusema "tukutane Zoom". Corona ikapita, lakini ile imani ikabaki: kwamba ukitaka kuwafundisha watu kazi mpya haraka na kwa gharama ndogo, weka kozi mtandaoni.

Mtikisiko wa pili ni mtaala mpya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imebadilisha mambo makubwa, na utekelezaji wa mitaala ukaanza Januari 2024, darasa la tatu likiwa mojawapo ya yale yaliyoanza. Elimu ya msingi inakwenda kuwa ya miaka sita. Kuna masomo ambayo mwalimu aliyehitimu chuo miaka ishirini iliyopita hakuyasomea kwa majina hayo: Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo, Jiografia na Mazingira. Piga hesabu pamoja nami. Mtoto aliyekuwa darasa la tatu mwaka 2024 anafika la sita mwaka 2027, na hapo ndipo elimu yake ya msingi inaishia. Aliyekuwa la nne mwaka huo huo, anayesoma mtaala wa zamani, anafika la saba mwaka huo huo wa 2027. Makundi mawili yatatoka shule ya msingi kwa pamoja, na moja kati yake limefundishwa kwa miaka minne na walimu waliokuwa wakijifunza mtaala huku wanaufundisha. Mama mdogo ni mmoja wa walimu hao. Kwa hiyo swali la kama kweli amejifunza au cheti tu ndicho kilichojifunza si la kitaaluma peke yake. Lina watoto ndani yake.

Turudi kwenye kozi. Sitaitaja kwa jina wala mradi ulioileta, maana niliyoyaona ni ya nyumba moja na shule moja. Ila niliisoma yote, sehemu zote sita, nikikaa kwenye lile jiwe kama mkaguzi. Naomba niihakiki kama mtu anavyohakiki kitabu.

Lugha yake ni safi kuliko nilivyotarajia. Aliyeiandika anajua ualimu, hilo sina shaka nalo. Kuna sehemu kuhusu kumsaidia mtoto anayechelewa kusoma ambayo ningependa kila mzazi aisome. Tatizo linaanza kwenye picha na mifano. Video ya somo la mfano inaonyesha darasa la watoto wasiozidi thelathini, meza zimepangwa kwa vikundi, ukutani kuna chati za rangi. Mama mdogo aliitazama kidogo, akasema, "Hilo darasa ni zuri sana," kwa sauti ile ile anayotumia akiona harusi ya watu wa Dar kwenye runinga. Hakumaanisha kejeli. Alimaanisha kwamba ni jambo la watu wengine. Video ya dakika nane ikala bando, yeye akatoka na hisia kwamba ufundishaji mzuri unafanyika mahali fulani penye meza.

Halafu yapo maswali. Suala la jibu refu si ajali ya kozi hii peke yake, na lina sababu yake ambayo inafurahisha ukiijua. Mtunga swali anataka jibu sahihi lisipingike, kwa hiyo analiongezea masharti: "kwa kuzingatia", "pale inapofaa", "kulingana na umri". Majibu ya uongo hayahitaji kulindwa, basi yanabaki mafupi. Wataalamu wa upimaji wameionya tabia hii kwa miongo mingi, na mtoto yeyote aliyefanya mitihani ya kutosha anaihisi hata kama hawezi kuieleza. Mdogo wangu amefanya mitihani ya kuchagua tangu shule ya msingi. Kwa lugha nyingine, kozi ilipima ujuzi mmoja tu ambao yeye anao kuliko mama yake: kufanya mitihani.

Kosa la tatu ni la wakati. Maswali yanakuja sekunde chache baada ya maelezo, kisha hayarudi tena. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walifanya jaribio ambalo sasa ni maarufu. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu cha habari na kukirudia. Kundi jingine lilikisoma, kisha likajaribu kukikumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya wiki, mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka ndio waliokuwa wamebaki na kitu kichwani. Sasa kozi inayokuuliza papo hapo kisha ikakupa hongera yenye maua inapima zile dakika tano. Mwalimu anahitaji wiki, na kwa kweli anahitaji mwaka.

Kuna kipimo kingine cha zamani ambacho laiti ningekijua vizuri kabla ya kuandika lile jedwali langu. Donald Kirkpatrick, Mmarekani aliyeandika kuhusu mafunzo kazini mwaka 1959, alisema mafunzo yoyote yana maswali manne ya kuulizwa. Je, waliofunzwa waliyapenda? Je, walijifunza kitu? Je, wanafanya kazi yao tofauti na zamani? Je, matokeo ya kazi yamebadilika? Watu wamemkosoa Kirkpatrick, na wana hoja, kwa sababu ngazi hizo hazifuatani kama ngazi za nyumba: unaweza kuchukia mafunzo na bado yakakubadilisha. Lakini angalia kitu kimoja. "Amemaliza kozi" haimo hata kwenye swali la kwanza. Ni habari kuhusu simu.

Hapa najua utaniambia: kaka, tatizo ni mtandao. Weka mnara Lundo, shusha bei ya bando, gawa vishikwambi, mambo yatakaa sawa. Nilikuwa na jibu hilo hilo mfukoni wakati nashuka Mbinga. Nilitegemea kuandika makala ya kulalamikia mtandao.

Utafiti mmoja wa Afrika Kusini ndio ulionivuruga. Jacobus Cilliers na wenzake walifuatilia shule za msingi za serikali katika jimbo la Mpumalanga, ambako watoto wa madarasa ya mwanzo wanasoma kwa lugha ya nyumbani na kujifunza Kiingereza. Walimu wa kundi moja walipata kocha anayewatembelea darasani. (Ndiyo, kocha, kama wa mpira. Neno ni zuri, maana kocha hafundishi akiwa amekaa nyumbani.) Walimu wa kundi la pili walipata vishikwambi vyenye maandalio ya masomo, na kocha wao aliwasiliana nao kwa simu na WhatsApp. Kundi la tatu liliendelea kama kawaida. Baada ya mwaka mmoja makundi mawili ya kwanza yalionekana kukaribiana, na mtu mwenye haraka angetangaza hapo hapo kwamba kishikwambi kimeshinda kwa kuwa ni rahisi kukisambaza. Wao wakaendelea hadi miaka mitatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Kocha wa kutembelea alikuwa amepandisha uwezo wa watoto wa kuzungumza na kuelewa Kiingereza kwa mkengeuko sanifu 0.31, na usomaji wa Kiingereza kwa 0.13. Kocha wa simu alipandisha uzungumzaji kwa 0.12, usomaji haukusogea, na juu ya hapo usomaji wa lugha ya nyumbani ukashuka, kwa sababu muda wa somo hilo ulimezwa na Kiingereza na hakukuwa na mtu wa kuliona hilo darasani.

Mkengeuko sanifu, kwa asiyeufahamu, ni kipimo cha jinsi alama za watoto zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani. Ukiambiwa 0.31, elewa kwamba mtoto wa katikati amesogea mbele ya wenzake kadhaa aliokuwa sawa nao. Katika elimu hilo si dogo.

Lakini kilichonikalisha chini hakikuwa namba. Ni kwamba watafiti walichunguza kama teknolojia ndiyo iliyokwamisha, wakakuta sivyo. Vifaa vilifanya kazi. Kilichotofautisha ni kwamba mtu anapokuja darasani kwako, unawajibika kwake na yeye anakusaidia kwa kile anachokiona. Yaani hata tungeweka mnara juu ya kila jiwe la Lundo, tungekuwa tumeondoa kero moja ya kweli, na tusiwe tumegusa kiini.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Kocha ana tatizo lake, nalo ni kubwa. Mwaka 2018 Matthew Kraft na wenzake walikusanya tafiti 60 kuhusu kuwasaidia walimu kwa kocha. Kwa wastani ufundishaji uliboreka kwa mkengeuko sanifu 0.49 na ufaulu wa watoto kwa 0.18. Safi sana. Ila programu zilipokuwa kubwa, faida ilipungua. Makocha wazuri kumi unaweza kuwapata. Ukitaka elfu mbili unaanza kuchukua yeyote mwenye pikipiki. Na anayesema "turudi kwenye semina za ana kwa ana" naye namkumbusha zile semina: mtu mmoja anaitwa mkoani, anarudi wilayani anawaeleza wengine nusu ya alichosikia, wale wanakwenda kwenye kata na robo, na mwalimu wa Lundo anapokea picha ya flipchati iliyopigwa kwa simu ikiwa imepinda. Tusiikumbuke kwa mapenzi ambayo haikustahili.

Kuna kitu cha katikati, na cha ajabu ni kwamba nchi hii imewahi kukifanya. Novemba 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba Elimu ya Msingi kwa Wote ifikiwe mapema zaidi, kufikia 1977. Walimu hawakuwepo. Vyuo visingeweza kuwatoa kwa idadi ile. Serikali ikachukua makumi ya maelfu ya vijana, wengi wao wahitimu wa darasa la saba, ikawaweka shuleni, wakawa wanafundisha huku wanajifunza kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, na Waratibu Elimu Kata na wakufunzi wakiwafuatilia huko huko walipo, kabla ya kwenda chuoni kwa kipindi kifupi kumalizia. Yalikuwa mafunzo ya mbali kazini, katikati ya mtikisiko, kwa teknolojia ya wakati ule.

Kabla yake, mwaka 1973, kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Redio, kitabu kidogo cha rangi, na vikundi vya kusikiliza vijijini kwa wiki kumi na mbili. Walishiriki watu wapatao milioni mbili. Redio yenyewe ilifanya sehemu ndogo ya kazi. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa, watu walisikiliza pamoja, wakafungua kitabu, wakajadiliana kama kijiji chao kina jambo lile, kisha wakainuka kwenda kuchimba choo. Choo hicho ndicho kilichohesabiwa. Ungeweza kwenda kukiona. Hebu fikiria kama wangehesabu redio zilizowashwa.

Lundo yenyewe wakati huo ilikuwa na mtikisiko wake. Miaka ya 1960 hapa palikuwa na makazi ya wakimbizi wa Msumbiji waliokimbia vita ya ukombozi, na nchi yao ilipata uhuru Juni 25, 1975. Huwa nawaza walimu wa wakati ule, darasa lina watoto waliofika jana kwa miguu na lugha nyingine mdomoni. Hakuna kozi ingewatosha. Bila shaka waliulizana wao kwa wao.

Wale walimu wa UPE walibezwa sana, na wapo watakaosoma aya iliyopita wakasema "ndio walioshusha elimu". Madarasa yalifurika, vitabu havikutosha, na baadhi ya vijana wale walihitaji muda mrefu zaidi chuoni kuliko waliopewa. Ubora uliyumba, sikatai. Ila nakuomba utenganishe mambo mawili. Kuajiri kwa haraka mtu mwenye elimu ndogo ni jambo moja. Kumfuatilia mwalimu pale anapofundishia ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo tulilolitupa tulipopata intaneti.

Tena kwenye karatasi hatujalitupa. Mpango wa taifa wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unataka walimu wakutane shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji, wapange somo pamoja, waangaliane wakifundisha, wajadili. Na mfumo wa mtandaoni wa Taasisi ya Elimu Tanzania uwe chombo kimojawapo. Hilo ni wazo zuri, ningelisaini leo. Wasiwasi wangu ni wa kiutendaji. Mkutano wa walimu sita chini ya mwembe hautoi ripoti yenyewe. Kozi ya mtandaoni inatoa. Kila asubuhi inaweza kumwambia mkubwa fulani ni wangapi wameingia, wangapi wamemaliza, wilaya ipi inaongoza. Kwa hiyo mkubwa akiulizwa "mmefikia wapi?" atataja kile chenye namba, na mwaka unaofuata fedha zitaelekea kule. Hakuna mtu mbaya katika hadithi hii. Namba rahisi tu inakula namba ngumu.

Sasa nikueleze nilichokiona mwenyewe, ambacho hakimo kwenye ripoti yoyote.

Walimu wa shule ya mama mdogo na za jirani walikuwa na kundi la WhatsApp lililoitwa "Tumalize Kozi". Kazi yake ilikuwa moja: kugawana majibu. Sehemu ya 2, swali la 1 C, la 2 C, la 3 A. Baada ya vyeti kutoka nilidhani kundi litakufa. Jumanne moja mama mdogo akafundisha vipimo vya ujazo, darasa la tatu. Alikuwa na ndoo ya lita 20 na kidumu cha lita 5. Watoto wakajaza maji vidumu vinne, ndoo ikajaa, kila kitu kikaenda kama kitabuni. Ndipo mtoto mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi, akanyoosha mkono: "Mwalimu, ndoo ya usipa siyo lita 20." Kwa nini? "Ya usipa ni lumbesa."

Unajua lumbesa: gunia linalojazwa kupita mdomo wake mpaka linaota kichwa. Ndoo ya usipa nayo hupandishwa kilele. Maji hayapandi kilele. Mtoto alikuwa sahihi kabisa, na swali lake lilikuwa gumu kuliko lolote lililomo kwenye kozi: je, ujazo ni sifa ya chombo au ya kitu kilichomo? Mama mdogo alikiri kwangu kwamba alimwambia, "Hilo tutaliangalia kesho," akahamia kwenye zoezi.

Usiku akaliandika swali kwenye "Tumalize Kozi". Nilikuwa pembeni yake. Kwanza wakacheka, emoji za kutosha. Kisha mwalimu kijana wa shule ya jirani akaandika kwamba yeye hutumia mchanga: jaza ndoo kwa kilele, futa kwa rula mpaka usawa wa mdomo, kile kilichoanguka kipime kwa kopo. Mwingine akauliza kwani usipa si una nafasi katikati ya samaki, hewa je? Wakabishana mpaka saa nne usiku. Mmoja akakumbuka kwamba sehemu ya tatu ya kozi ilisema kitu kuhusu kuanzia kwenye maarifa ya mtoto, na kwa mara ya kwanza nikamwona mama mdogo akiifungua kozi kwa hiari yake, akaitafuta ile sehemu, akaisoma akiwa amekunja uso. Alhamisi yule kijana akaja na baiskeli wakati wa kipindi chake cha mapumziko, akakaa nyuma ya darasa. Mchanga ulipimwa. Kilele kilikuwa zaidi ya lita tatu. Watoto wakataka kujua nani analipwa hizo lita tatu, na hapo hesabu ikageuka uraia.

Hebu hakiki tukio hilo kwa maswali ya Kirkpatrick. Alilipenda? Aliimba njiani kurudi nyumbani. Alijifunza? Ndiyo, na alikumbuka kitu alichokisoma wiki kadhaa nyuma pale alipokihitaji, jambo ambalo Roediger na Karpicke wangelifurahia. Alifundisha tofauti? Nilimwona. Na kozi ya mtandaoni ilikuwa na mchango, sikatai, ilikuwa imelala pale kama kamusi inayosubiri mtu mwenye swali. Lakini mfumo haukuandika chochote. Kwa mujibu wa mfumo, mama mdogo alimaliza kujifunza ile jioni mwanawe alipokuwa juu ya jiwe.

Nikiulizwa ningefanya nini, ningeanza na kitu kidogo cha kuudhi: ningeuondoa mtihani wa kuchagua wote, na mahali pake mwalimu aeleze somo moja lililomshinda mwezi huo, kwa sauti ya WhatsApp ya dakika mbili, na mwenzake mmoja amjibu. Ningelipa nauli ya yule kijana wa baiskeli. Mara mbili kwa muhula, shule mbili zilizo jirani, si zaidi. Si kocha wa mkoa, na hatakuwa bora kama kocha wa Mpumalanga, lakini anaweza kufika, na analijua somo la usipa. Msemaji wa bajeti ataniambia baiskeli haikui kuwa ya nchi nzima. Pengine. Lakini shule nyingi zina jirani, na nyingi zina mwalimu mmoja ambaye wenzake humwuliza. Kumtafuta huyo hakuhitaji seva.

Na wewe unayeandika tasnifu kuhusu mafunzo kazini, iwe ya manesi, walimu au makarani wa benki: nenda kakae siku tatu mahali pamoja kabla ya kuchora jedwali. Safu yangu ya mwisho bado iko maktaba ya chuo, imejaladiwa vizuri, na siwezi kuing'oa.

Wiki iliyopita mama mdogo amenipigia. Kuna kozi nyingine imekuja, mwisho Ijumaa, na mdogo wangu amehamia shule ya bweni ambako simu haziruhusiwi. "Mwanangu, wewe si msomi? Nisaidie basi." Nikamwambia anitumie swali la kwanza tulijibu pamoja, yeye aseme mimi nisikilize. Limekuja. Majibu manne, nimeyapima kwa jicho mara mbili, na safari hii yote yana urefu sawa.